Alichoma, Hakusukuma

Jina la Mama Makochi alipewa na wateja, si wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, mapya na ya zamani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba anayoishi. Ukiingia unajikwaa kwenye fremu, unakanyaga mabaki ya sponji, unapenya kati ya marobota ya kitambaa, halafu unatokea sebuleni ambako hakukuwa na kochi hata moja la kumkalisha mgeni wa heshima. Ndiyo mafundi walivyo. Fundi cherehani hutembea na suruali iliyofumuka, na ukimuuliza atakwambia kesho.

Sindano alizijua tangu usichana: ya kupinda, ya ncha mbili, na ile ndefu ya kupitisha uzi wa vifungo kwenye mgongo wa kochi. Kwa hiyo mkamwana wake aliposhika mimba ya tatu, na daktari akasema huyu atachomwa sindano ya tumbo kila siku mpaka ajifungue, macho ya nyumba nzima yalimgeukia yeye. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, haonekani nyumbani ila kwa kupita, na hata akiwepo, akiona sindano anakimbilia nje mtu mzima na ndevu zake. Mkamwana mwenyewe alikuwa mwalimu wa hisabati, na nyumbani hapo wote walimwita Mwalimu. Alijaribu kujichoma kliniki, akawa anainua sindano na kuishusha hadi sista akamnyang'anya bomba lake. Basi akafundishwa mama mkwe. Bana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, ingiza sindano wima, sukuma taratibu mpaka mwisho, toa, usisugue.

"Nimeshona ngozi ya ng'ombe miaka yote," Mama Makochi alimwambia sista. "Hii ya mtu itanishinda?"

"Ya ng'ombe hailalamiki, mama," sista akamjibu.

Kuchoma hakukumshinda. Kilichomshinda ni kuelewa.

Daktari alimweleza zaidi ya mara moja, mtu mpole, hana haraka. Alisema mwili wa Mwalimu una kinga kama wa kila mtu, ila kinga yake imekosea adui. Badala ya kupigana na maradhi, inaishambulia damu yake mwenyewe, na damu ikichokozwa hivyo inaganda. Ikiganda kwenye mishipa midogo ya kondo la nyuma, mtoto hapati chakula wala hewa. Ndivyo walivyopotea wale wawili wa kwanza. Mmoja alitoka mapema hata hajaonekana tumboni. Wa pili alifika miezi saba, akazaliwa kimya, na Mwalimu akalala pale kitandani ametega sikio kusubiri kilio mpaka sista akamwekea mkono begani. Safari hii basi ni kidonge kidogo cha aspirini kila jioni, na sindano ya kuzuia damu isigande kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja.

Hapo Mama Makochi alikuwa bado anafuata. Kilichomvuruga ni Mwalimu, ambaye kama walimu wote hakubali kitu hadi akisome mwenyewe. Aliuliza mbona majibu ya maabara yanasema damu yake inachelewa kuganda.

"Ndani ya chupa inachelewa," daktari akasema. "Ndani ya mwili inaharakisha."

"Sasa inaganda au haigandi?" Mama Makochi akadakia.

"Inaganda, mama."

"Lakini kwenye chupa haigandi."

"Inachelewa."

Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Damu ni ileile, imetoka kwenye mshipa uleule, ikifika nje inajifanya nyingine! Kama mtoto mtundu mbele ya wageni, akajisemea. Siku nzima alishona mto mmoja akaufumua, akaushona tena upande usio wake. Mwisho akakata shauri kwamba kuelewa amwachie daktari, yeye ashike lile la kuchoma kila asubuhi.

Na kazi hiyo haikuwa ndogo, msidhani. Mkwe na mkamwana wana mipaka yao. Mnasalimiana vizuri, mnaulizana umeamkaje, na mambo ya mwilini kila mmoja anabaki nayo chumbani kwake. Leo unamwambia mke wa mwanao apandishe gauni. Siku za mwanzo Mwalimu alijifunika shuka hadi kidevuni akaacha kijidirisha kidogo tu cha tumbo, macho ameyafumba.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Mama Makochi akamtania. "Nipe nafasi nisije nikachoma godoro."

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza, tumbo likatikisika, ikabidi wasubiri litulie. Kuanzia hapo asubuhi zikawa zao. Mwalimu huku anachomwa, huku anasimulia vituko vya wanafunzi wake, na Mama Makochi anasimulia vya wateja. Tumbo liliota madoa ya bluu na ya kijani. Macho aliendelea kuyafumba, sindano hakuwahi kuitazama, na Mama Makochi akatambua kwamba hajapata kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, hata mwanawe wa kumzaa.

Mimba ilipokaribia kutimia, daktari akaja na jipya.

"Uchungu ukianza, msichome," alisema. "Akijifungua na dawa mwilini anaweza kuvuja damu nyingi. Na ikitokea upasuaji hatutaweza kumpa ganzi ya mgongoni, damu inaweza kujikusanya kwenye uti wa mgongo. Jumatano ijayo mje tumlaze, tutaanzisha uchungu wenyewe. Ukianza kabla, msichome, mje."

Mama Makochi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kushoto sasa ndiyo kulia. Miezi yote hii ni usiruke, usiruke. Leo dawa iliyomshikilia mtoto ndiyo itakayomdhuru mama yake? Ajue vipi kwamba uchungu umeanza, wakati tumbo la mwisho wa mimba hukaza na kulegea lenyewe litakavyo?

Na kweli likawadanganya. Kesho yake tu lilikaza asubuhi, wakaacha sindano, wakakimbia hospitali na begi la nguo. Wakapimwa, wakaambiwa huo si uchungu wa kweli, rudini nyumbani. Siku ile mtoto alitulia tangu mchana hadi jioni. Mwalimu alikaa sakafuni karakanani, katikati ya vitambaa, mikono miwili tumboni, analia bila sauti.

"Tumemnyima, mama," alisema. "Siku moja tu tumemnyima, ona."

Mtoto alipiga teke baadaye, teke zito la mtu aliyeamshwa usingizini, na wote wawili wakalisikia viganjani. Lakini Mwalimu aliapa palepale kwamba haruki tena sindano mpaka aone maji ya uzazi yamemwagika kwa macho yake.

Basi ikafika Alhamisi, ile Jumatano ya kulazwa bado haijafika.

Mama Makochi aliingia na bomba lake kama kawaida. Mwalimu alikuwa amelala chali, gauni amelipandisha tayari, na hakuwa na simulizi ya mwanafunzi yeyote. Usoni jasho jembamba.

"Umelalaje?"

"Vizuri, mama."

"Tumbo?"

"Liko sawa. Choma."

Mama Makochi akainama, akabana nyama kwa vidole viwili. Chini ya vidole vile tumbo likakaza. Halikukaza upande mmoja kama mtoto anapojinyoosha. Lilikaza lote, likawa kama ubao wa fremu, likakaa hivyo, kisha likalegea polepole. Akatazama uso wa Mwalimu. Macho yamefumbwa, midomo imebanwa, pua inapumua kwa hesabu.

"Mwanangu, una uchungu?"

"Sina."

"Limekaza."

"Linakaza kila siku. Mama, nakuomba. Choma."

Sasa wewe mwambie afanye nini. Akichoma, na uchungu ni wa kweli, damu itamwagika. Asipochoma, na uchungu ni wa uongo kama ule wa juzi, mtoto akatulia na safari hii asiamke, nani ataishi na Mwalimu nyumba moja? Nani atamtazama mwanawe akirudi safari? Angempigia sista simu, naam, lakini simu ipigwe mbele ya nani, na kusemwa nini? Kwamba mkamwana wangu mwalimu ni mwongo? Mawazo yalimjia yote kwa pamoja, yakagongana, na katika kugongana huko mkono wake, ambao haujapata kumsaliti, ukafanya kitu ambacho kichwa hakikuutuma.

Alichoma. Hakusukuma.

Aliingiza sindano, akatulia kwa muda uleule wa kila siku, akaitoa. Mwalimu akashusha pumzi ndefu, akasema, "Asante, mama," na Mama Makochi akasikia ile asante ikimkwaruza rohoni. Akajiambia sijadanganya, nimechelewesha tu. Nitasubiri kidogo. Tumbo likitulia nitamwambia ukweli na nitamchoma nyingine. Lisipotulia, tutakuwa tumeokoka.

Halafu akafanya kosa la pili, na la pili ndilo baba yao. Mwalimu alikuwa na kawaida ya kulikagua lile galoni la kutupia mabomba yaliyotumika, mwalimu wa hisabati huyo, hesabu hazimpiti. Bomba lililojaa angeliona. Kwa hiyo Mama Makochi aliingia jikoni, akaminya dawa yote kwenye sinki, akafungulia maji, na akalitupa bomba tupu pamoja na wenzake.

Alirudi karakanani akashika nyundo. Hakuwa amegonga hata msumari wa pili alipoitwa.

Maji yalikuwa yamemwagika chumba kizima.

Ndani ya teksi Mwalimu alimshika mkono kwa nguvu za ajabu. Kati ya uchungu na uchungu alikuwa akicheka. "Sasa ni kweli," alisema. "Na sindano nimeipata. Mtoto hakuikosa hata leo." Mama Makochi alifungua mdomo aseme, uchungu mwingine ukaja, akaufunga. Aliufungua tena kwenye taa za barabarani. Mwalimu akamwekea kichwa begani. Akaufunga tena.

Hospitali, sista wa zamu akauliza swali lake la kwanza.

"Sindano ya mwisho lini?"

"Leo saa moja asubuhi," Mwalimu akajibu.

Sista akaguna, akaandika, akaenda kumwita daktari. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama Makochi alilijua hilo wakati ule, alilijua na baadaye. Alibaki amesimama na begi la nguo, anatazama sakafu, anasubiri wakati mwingine mzuri zaidi, kana kwamba upo.

Wakamfunga Mwalimu mkanda wa kusikilizia moyo wa mtoto. Ulidunda vizuri, na wote wakausikia. Kisha uchungu ulipokuja, moyo ule ukapungua kasi, ukachelewa kurudi. Uchungu mwingine, ukapungua tena, zaidi. Daktari aliusikiliza, akamtazama Mwalimu, akasema hatuwezi kungoja, tunampasua sasa hivi.

Akaingia daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuagiza.

"Nimeambiwa umechomwa leo asubuhi. Basi ya mgongoni haiwezekani. Utalala kabisa."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Daktari, nakuomba, nisilale. Nataka nimsikie akilia. Yule mwingine nilimsubiri alie. Huyu nataka nimsikie mwenyewe."

"Dawa iko mwilini, dada. Nikikuchoma mgongoni unaweza usitembee tena."

"Haimo," Mama Makochi akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa bado amekumbatia begi.

"Dawa haimo mwilini. Nilichoma sikusukuma. Niliona ana uchungu, na yeye anakataa, nikaogopa. Nikaimwaga kwenye sinki. Mpeni hiyo ya mgongoni. Ya mwisho ni ya jana asubuhi."

Ule mdundo wa moyo mdogo ulisikika kwenye mashine, unakimbia, unapunguza.

"Alinichoma," Mwalimu akasema polepole. "Niliisikia ikiingia."

"Sindano iliingia, mwanangu. Dawa haikuingia."

"Bomba liko wapi?" daktari wa usingizi akauliza.

"Nyumbani. Lakini ni tupu. Nililiminya lote."

"Kwa hiyo mmoja anasema dawa imeingia, mwingine anasema haikuingia, na bomba ni tupu." Hakusema kwa ukali, na bora angekuwa mkali. "Mama, inawezekana kabisa unasema kweli. Inawezekana pia umemsikia anavyoomba ukaamua kumsaidia. Mimi siwezi kuiweka miguu ya mtu kwenye inawezekana. Alale."

Mama Makochi aliapa. Aliapa kwa marehemu mume wake, kwa macho yake, kwa mikono yake inayomlisha. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo, lakini yake ilikuwa fupi kupita kiasi. Siku hiyohiyo amedanganya akaaminiwa, na siku hiyohiyo amesema kweli akakosa wa kumwamini. Kila alipozidi kuapa ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo.

Walipokuwa wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, Mwalimu aligeuza uso juu ya kile kitanda cha magurudumu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyetoka kulala akakuta nyumba si yake.

"Na siku zile nyingine, mama?"

"Zote nilisukuma. Zote, mwanangu. Ni leo tu."

Mlango ukafungwa.

Akakaa kwenye benchi la korido. Alijaribu kupanga mambo yalivyokwenda, na hayakupangika. Asingemchoma sindano ya uongo, angechoma kweli, na dawa ingekuwemo. Basi alifanya vizuri. Lakini angesema kweli mapema, ganzi ya mgongoni ingewezekana. Basi alifanya vibaya. Kitendo ni kimoja, mkono ni mmoja, kizuri na kibaya vimeingiaje humo kwa pamoja bila kugongana? Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na yeye hapo alikuwa anavisubiri vyote viwili. Alimpigia mwanawe simu. Ililia, haikupokelewa, akashukuru.

Kisha akasikia kilio.

Hakikuwa kilio cha kubahatisha. Kilikuwa kilio cha mtu aliyedhulumiwa anayetaka wakubwa waitwe. Kilipita milango miwili kikamkuta pale kwenye benchi, akasimama, akakaa, akasimama tena, machozi yakimtoka ovyo kama yamefunguliwa bomba. Aliyestahili kukisikia alikuwa amelala hajitambui, upande wa pili wa ukuta.

Daktari alitoka amevua barakoa. "Mvulana. Wazima wote wawili. Damu haikutoka nyingi hata kidogo," alisema, kisha akamtazama Mama Makochi kwa muda. "Nadhani ulisema kweli."

"Sasa nilifanya vizuri au vibaya, daktari?"

Alifikiri, maskini, alifikiri kwa dhati. "Kutochoma ilikuwa sawa," akasema, na akaitwa kwingine kabla hajamaliza.

Mwalimu alizinduka jua limeanza kupinda. Midomo ilikuwa mikavu, macho yanaelea. Sista alikuwa anamwekea dripu na kumweleza kwamba leo jioni wataanza tena zile sindano, na ataendelea nazo wiki sita, maana damu yake bado inaweza kuganda baada ya kuzaa. Mama Makochi alikuwa amekaa kando ya kitanda, mjukuu mikononi, anamnong'oneza, "Mume wangu, mwamkie mama yako." Alimlaza kifuani kwa mama yake, akabaki ameshika blanketi asije akateleza.

Mwalimu alimgusa mtoto shavu, sikio, kidole kimoja kimoja.

"Alilia?" akauliza.

"Alilia, mwanangu. Alilia mpaka korido nzima ikageuka. Nilimsikia nikiwa nje kabisa, milango imefungwa. Alilia sana."

Mwalimu alimtazama mama mkwe wake, kwa upole, kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye jibu lake huenda ni sahihi lakini hakuonyesha njia. Kisha akageuza kichwa upande wa pili wa mto.

"Sista," akasema. "Mwanangu alilia?"

"Alilia," sista akamjibu, bila kuacha kufunga dripu.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kulia, amemkumbatia mwanawe. Mama Makochi aliendelea kushika ncha ya blanketi.